Kupeleka intaneti chumba cha mbali kwa nyaya za umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ruta iko sebuleni kwa sababu ndipo fundi wa kampuni ya intaneti alipotoboa ukuta. Chumba cha watoto kiko ghorofani, ofisi iko kwenye banda la uani, na huko simu inaonyesha mstari mmoja wa Wi-Fi au haionyeshi kitu. Adapta za pawalaini ni njia mojawapo ya kutatua tatizo hilo bila kuchimba ukuta wala kutandaza waya koridoni. Hazifai kila nyumba, na wauzaji wengi hawalisemi hilo, ndiyo maana baadhi ya majibu hapa chini ni marefu. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya.

Pawalaini ni kitu gani hasa?

Ni jozi ya adapta zinazochomekwa kwenye soketi za kawaida za ukutani. Ya kwanza inakaa karibu na ruta na inaunganishwa nayo kwa waya mfupi wa LAN, yaani waya wa mtandao. Ya pili inachomekwa katika chumba unachokitaka, na huko inatoa intaneti kwa waya, au kwa Wi-Fi kama ni ya aina yenye Wi-Fi. Katikati hakuna waya mpya. Data inapita kwenye zile nyaya za shaba zilizofukiwa ukutani siku nyumba ilipowekwa umeme.

Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde. Juu yake adapta inapandisha mawimbi madogo yenye mapigo ya mamilioni kwa sekunde: kuanzia megahezi 2 hadi karibu 30 kwa vifaa vya HomePlug AV, kiwango kinachofuatwa na adapta nyingi, na hadi 86 kwa vile vya AV2, toleo lake jipya zaidi. Masafa hayo yako mbali sana na ya umeme, kwa hiyo friji yako haitambui kama kuna data inapita. Adapta inaigawa data katika vijia vyembamba vya masafa, zaidi ya 900 kwa HomePlug AV, na inavipima kila wakati. Kijia kikiwa na kelele nyingi, yaani mvurugo wa umeme unaotoka kwenye vifaa vingine, inapunguza mzigo hapo na kuuhamishia kwingine. Hii ndiyo sababu kasi ya pawalaini hupanda na kushuka kutwa nzima hata kama hujagusa kitu.

Kwa hiyo ni intaneti ya TANESCO au Kenya Power?

Hapana. Lazima uwe tayari na kifurushi chako cha intaneti, iwe ya faiba au ya ruta ya laini ya simu. Pawalaini inaanzia kwenye ruta na kuishia ndani ya nyumba yako.

Mkanganyiko huu unaeleweka. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania unapita kwa sehemu kwenye njia kuu za umeme za TANESCO, na Kenya Power hukodisha faiba zilizo kwenye miundombinu yake kwa kampuni za mawasiliano. Lakini huko data inapita kwenye nyuzi za kioo zilizofuatana na nyaya za umeme. Haiko ndani ya nyaya zenyewe.

Nyumba yangu inafaa?

Jibu liko kwenye vitu viwili: kuta, na nyaya zilizomo ndani yake. Kadiri kuta zinavyoizuia Wi-Fi, ndivyo pawalaini inavyostahili kujaribiwa. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, za Lamu na za mji wa kale wa Mombasa zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita. Wi-Fi ya gigahezi 5 hufia kwenye ukuta wa kwanza, na ya gigahezi 2.4 hufika chumba cha pili ikiwa imechoka. Katika nyumba hizo, ambazo kuzitoboa kunahitaji kibali na moyo mgumu, mimi huanza na pawalaini kabla ya kitu kingine. Hali inakaribiana na hiyo kwenye nyumba ya ghorofa yenye zege nene lililojaa nondo kati ya chini na juu.

Upande wa pili ni nyaya. Nyumba iliyofanyiwa waya mara moja na fundi mmoja, yenye boksi moja la breka, kwa kawaida hufanya vizuri. Nyumba iliyoongezwa chumba baada ya chumba, kila fundi akiunga waya pale alipoupata, ina viungio vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu, na kila kiungio kama hicho kinakula sehemu ya mawimbi. Nyaya za zamani zilizokauka gamba pia ni tatizo, na hizo ni hatari ya moto kabla hazijawa tatizo la intaneti. Ukiona soketi ina weusi wa kuungua au inapata moto, achana na adapta kwanza na umwite fundi umeme.

Wauzaji huandika mita 300 kwenye boksi. Hizo ni mita za waya, si za hatua zako. Soketi mbili zinazopakana ukuta mmoja zinaweza kuwa kwenye breka tofauti, na hapo mawimbi yanapanda darini, yanakwenda mpaka kwenye boksi la breka mlangoni, kisha yanarudi njia yote hiyo upande wa pili.

Mbona boksi limeandikwa 1000 na mimi napata Mbps 80 (megabiti kwa sekunde)?

Swali hili ndilo linaloleta hasira zaidi, na wanunuzi wana haki ya kukasirika. Namba kubwa ya AV600, AV1000 au AV1300 ni jumla ya kasi ya juu kabisa ambayo adapta mbili zinaweza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe kwenye waya safi wa maabara. Ndani ya namba hiyo kuna data yako, kuna taarifa za kurekebisha makosa, na kuna mazungumzo ya adapta zenyewe. Tena kutuma na kupokea vinatumia waya uleule kwa zamu. Ukishatoa yote hayo, kisha ukaongeza kelele za nyumba halisi, kinachobaki ni sehemu ndogo ya kilichoandikwa.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawaliangalii. Adapta nyingi za AV500 na AV600 zina tundu la LAN la Mbps 100 tu. Hata waya wako ungekuwa wa dhahabu, data haiwezi kutoka kwenye tundu hilo kwa kasi zaidi ya hapo. Ukitaka kuvuka 100, soma maelezo ya tundu kabla ya kusoma maandishi makubwa ya mbele: lazima yaseme gigabiti, au 10/100/1000.

Sasa rudi kwenye kifurushi chako. Ukilipia Mbps 20, adapta inayofikisha 60 chumbani inakupa kila ulicholipia, na kununua ya bei mara mbili hakutakuongezea chochote. Pima kwanza kwa kompyuta iliyochomekwa moja kwa moja kwenye ruta, andika namba, kisha pima kule chumbani. Ukipima chumbani peke yake hutajua kama mchelewaji ni waya au kampuni ya intaneti.

Ukiongeza adapta ya tatu na ya nne, zote zinagawana waya uleule. Mtoto akiwa anapakua gemu ghorofani, banda la uani litaona kasi inashuka.

Nichomeke wapi?

Ukutani, moja kwa moja. Ningeomba muuzaji aliandike sentensi hiyo kwa herufi kubwa, kwa sababu malalamiko mengi ninayoyasikia huishia hapo.

Ekstensheni inapunguza mawimbi, na ekstensheni yenye kinga ya umeme kupanda inaweza kuyaua kabisa, kwa sababu chujio lililomo ndani yake limetengenezwa kuzuia masafa ya juu, na data yako ni masafa ya juu. Kifaa cha kulinda friji, stebilaiza na UPS (kifaa chenye betri cha kushika umeme ukikatika) viko kundi hilohilo. Nyumba zetu zimejaa vifaa hivyo kwa sababu nzuri, umeme unaporudi kwa kishindo, kwa hiyo si suala la kuviondoa. Viwe kwenye soketi nyingine.

Kama soketi ni moja tu chumbani, nunua adapta yenye soketi usoni pake, kisha ekstensheni yako uichomeke hapo juu ya adapta. Nyingi za aina hii zina chujio ndani linalozuia kelele za vifaa vilivyochomekwa juu yake zisirudi kwenye waya. Ni ghali kidogo, na kwa nyumba zenye soketi chache ndizo ninazozipendekeza.

Kama siwezi kuweka kinga, radi ikipiga?

Adapta itaungua, na inaweza kuondoka na ruta, maana zimeungana kwa waya wa LAN. Kinga inayofaa ni ile inayofungwa kwenye boksi la breka kwa ajili ya nyumba nzima, na inafungwa na fundi mwenye leseni. Nchini Tanzania leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA, na nchini Kenya na EPRA. Kwa asiye na kinga hiyo, kipindi cha masika ngurumo zikianza, chomoa adapta zote mbili.

Vifaa gani vinaleta kelele?

Chaja za simu za bei ya chini kabisa, hasa zile nyepesi zisizo na jina. Balbu za LED za bei ya kutupa. Kidhibiti cha kupunguza mwanga wa taa. Mota: mashine ya kufulia, blenda, pampu ya maji. Baadhi ya inveta za sola nazo zina kelele nyingi.

Kumpata mkosaji hakuhitaji kifaa chochote. Zima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa ruta na adapta, pima kasi, kisha washa kimoja kimoja na upime kila mara. Kasi ikianguka ulipowasha taa ya ngazi, umempata. Intaneti inayosumbua kuanzia saa moja jioni tu mara nyingi inaonewa: watu huilaumu kampuni, na kampuni kweli huzidiwa saa hizo, lakini saa moja ndiyo saa ya kuwasha taa zote na kuchaji simu zote. Jaribio hilo la dakika chache linatenganisha mambo hayo mawili.

Nina umeme wa njia tatu. Itafanya kazi?

Huenda ikafanya, na huenda ikagoma. Katika nyumba ya njia tatu, yaani yenye fezi tatu, vyumba hugawanywa: huku fezi ya kwanza, kule ya pili, jikoni ya tatu. Adapta mbili zikiwa kwenye fezi moja, hali ni kama nyumba ya kawaida. Zikiwa kwenye fezi tofauti, mawimbi hayana waya wa laivu wa pamoja, na kinachovuka ni kile kinachorukia waya wa jirani pale nyaya zinapokwenda pamoja ndani ya bomba na ndani ya boksi. Wakati mwingine hicho kinatosha kwa barua pepe, na wakati mwingine adapta hazionani kabisa.

Kabla ya kukata tamaa, hamisha ile ya sebuleni. Ruta inaweza kufikia soketi nyingine yenye fezi ileile ya chumba cha mbali kwa kuongeza mita chache za waya wa LAN, na hilo ndilo suluhisho rahisi kuliko yote. Kuna pia kifaa kidogo cha kuunganisha fezi kwa ajili ya mawimbi haya, kinachofungwa kwenye boksi la breka. Usikifunge mwenyewe: kati ya fezi na fezi kuna volti 400, si 230.

Banda la uani je? Na wapangaji?

Kama banda linalishwa na waya unaotoka kwenye boksi la breka la nyumba kubwa, jaribu. Nafasi ni nzuri, ingawa kasi itakuwa chini kuliko ndani. Mita ndogo za wapangaji, zile za kugawana bili, hupunguza mawimbi lakini si lazima ziyazuie.

Kama banda lina LUKU yake (mita ya kulipia kabla) inayojitegemea, usinunue kwa matumaini hayo. Mawimbi yangelazimika kutoka kwenye mita yako, kufika pale nyaya zinapoungana nje, na kuingia kwenye mita ya pili. Hapo chimba mtaro na upitishe waya wa LAN wa nje ndani ya bomba, au weka antena mbili za kutazamana.

Jirani anaweza kuingia kwenye mtandao wangu?

Anaweza, ukiacha adapta kama zilivyotoka kiwandani. Mita haifungi njia kabisa. Katika jengo la apatimenti zenye nyaya zilizopangwa pamoja, mawimbi hufika kwa jirani. Vifaa vya HomePlug AV hutoka kiwandani vikiwa na jina la mtandao lilelile, HomePlugAV, kwa hiyo adapta yako na yake zinaweza kusalimiana bila ninyi kujua.

Kinga ni kitufe kilichoandikwa Pair, au chenye alama ya nyumba au kufuli. Bonyeza cha adapta ya kwanza, kisha ndani ya dakika mbili bonyeza cha ya pili. Zinatengeneza ufunguo wao wenyewe, na data inafichwa kwa AES ya biti 128. Fanya hivyo siku ya kwanza, zote mbili zikiwa kwenye chumba kimoja, kabla ya kuzitawanya. Kama adapta ya chumbani inatoa Wi-Fi, nenosiri lake nalo libadilishe, maana lile la kiwandani limeandikwa kwenye kibandiko na kila mgeni anaweza kulisoma.

Umeme ukikatika?

Adapta zinakufa, hata kama ruta yako ina UPS ndogo. Kuweka UPS kila upande hakusaidii, kwa sababu UPS inalisha kilichochomekwa juu yake tu, tena inachuja mawimbi.

Wenye inveta ya nyumba nzima wanaendelea kupata intaneti, kwa sharti moja: adapta zote mbili ziwe upande unaolishwa na inveta. Mafundi wengi wa sola hutenganisha soketi, za taa na tivii huku, za pasi na hita kule. Adapta moja ikiwa kila upande, inveta inasimama katikati yao na inaweza kuwakatia mawasiliano hata umeme ukiwepo.

Soketi lazima iwe na waya wa ethi?

AV ya kawaida inatumia laivu na nyutro. AV2 zenye teknolojia ya MIMO zinatumia na waya wa ethi pia, na hapo ndipo kasi zake kubwa zinapotoka. Nyumba isiyo na ethi itakupa kasi ya chini kwa adapta hizo, lakini nyumba isiyo na ethi inahitaji ethi kwa ajili ya uhai wa watu waliomo kwanza.

Nunua adapta yenye pini tatu bapa za Kiingereza kwa Tanzania, Kenya, Uganda na Oman. Mzigo unaoletwa na ndugu kutoka Ujerumani una pini mbili za mviringo, na watu wengi hufungua soketi kwa kuingiza kalamu kwenye tundu la juu. Tafadhali usifanye hivyo. Adapta hukaa hapo miezi na miaka, haishiki vizuri, inapata moto, na kile kifuniko kinachowalinda watoto kinabaki wazi. Walioko Rwanda, Burundi na Kongo ndio wanaofaa kununua zenye pini za mviringo.

Inakula uniti ngapi?

Tuseme wati 5 kila moja. Jozi ni wati 10, ambazo kwa saa 24 ni uniti 0.24, kama uniti 7 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO wa daraja la D1, anayetakiwa asizidi uniti 75 kwa mwezi, saba si kitu cha kupuuza. Zima kwa swichi ya soketi wakati wa kulala.

Naweza kuchanganya chapa?

HomePlug AV na AV2 huelewana hata zikitoka viwanda tofauti, kwa kasi ya ile dhaifu. Msingi wake ulirasimishwa mwaka 2010 kama IEEE 1901. Kuna familia ya pili inayoitwa G.hn, ambayo ndiyo inayotumiwa na devolo kwenye vifaa vyake vya Magic. Familia hizi mbili hazielewani hata kidogo, na zikiwekwa kwenye nyaya za nyumba moja husumbuana. Ukinunua mtumba, tazama kwanza kama ni AV au G.hn, ndipo utazame bei. Zilizoandikwa Mbps 14 au 85 ni za kizazi cha kwanza kilichoanza 2001 na hazisemezani na AV, ziache.

Redio ya babu imeanza kukoroma. Inahusiana?

Inahusiana kabisa. Nyaya za nyumba hazina kinga ya nje, kwa hiyo zinarusha sehemu ya mawimbi hewani, na masafa hayo ndiyo yaleyale ya redio ya masafa mafupi. Vifaa vinavyofuata kanuni hukwepa masafa ya maredio ya ridhaa, lakini si kila kituo cha matangazo. Mzee anayesikiliza idhaa zake kwa masafa mafupi ana haki yake: sogeza redio mbali na ukuta wenye nyaya, itumie kwa betri, au zima adapta saa ya taarifa ya habari.

Kwa nini nisinunue ripita tu, au mesh?

Ripita ya bei nafuu inapokea Wi-Fi dhaifu na kuirusha tena kwa masafa yaleyale, kwa hiyo inakula karibu nusu ya kasi. Mesh, yaani vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyoshirikiana kama mtandao mmoja, ikiwa nzuri ni bora kuliko pawalaini katika nyumba ya tofali yenye vyumba vilivyo sambamba. Kwenye zege na matumbawe, mesh nayo inakwama pale Wi-Fi ilipokwama, na pawalaini inashinda.

Waya wa LAN unazishinda zote. Hauna kelele, haujali fezi, na ule wa aina ya Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100. Kama unaweza kuupitisha, pitisha, hata ukionekana kidogo pembezoni mwa dari.

Nitajuaje kabla ya kutoa pesa?

Azima. Au nunua duka linalokubali kurudisha, na ulipate kubaliano hilo kwa maandishi kwenye risiti. Hakuna fundi anayeweza kutazama ukuta na kukuambia kasi utakayopata, na anayekuahidi namba anakisia.

Nyumba ndiyo kwanza inajengwa. Ninunue pawalaini?

Usinunue. Kabla ya plasta, mwambie fundi aweke bomba tupu la milimita 25 kutoka mahali ruta itakapokaa hadi kila ghorofa na hadi banda la uani, liwe mbali na bomba la umeme, na aache kamba ndani yake ya kuvutia waya baadaye. Kwenye slabu, lipite kabla zege halijamwagwa. Ziba midomo yake kwa karatasi ngumu ili saruji isiingie, na piga picha za kuta zikiwa wazi.